Posta ya sebuleni

Kimya changu kilikuwa na sababu: nilikuwa najenga posta. Sitanii. Iko sebuleni kwetu hapa Wazo, juu ya kabati la vyombo, pembeni ya picha ya harusi ya wazazi. Ni laptopu ya zamani ambayo kioo chake kilipasuka na kibodi yake haina herufi M. Nimeing'oa kioo kabisa, nikaichomeka kwenye ruta kwa waya, nikaiwekea Linux. Ndani yake kuna masanduku manne ya barua: la mama, langu, la mdogo wangu, na la nne ambalo nitalieleza mbele. Barua pepe zinazoandikwa humu ndani hazitoki nje ya geti. Mama akiwa jikoni akaniandikia mimi niliye chumbani, barua inatembea mita kumi basi. Haiendi Ulaya kugeuza ndipo irudi.

Jirani mmoja, kijana anayefanya kazi benki, alipoiona aliniuliza swali la haki kabisa: "Kwani Gmail imekufa?"

Haijafa. Sababu yangu ni karatasi.

Mama ana bahasha ya kaki anamoweka vitu visivyotakiwa kupotea: kadi za kliniki, hati ya kiwanja, vyeti. Mwaka jana nilikuwa natafuta cheti changu cha kuzaliwa nikakuta humo karatasi ya printa, ile ya zamani yenye matundu pembeni kama utepe wa filamu. Ilikuwa barua pepe. Mama alimwandikia baba Novemba 1995, baba akiwa masomoni Uingereza. Barua yenyewe ni mistari miwili: "Mtoto amezaliwa salama, kilo tatu na robo. Anafanana na wewe, pole." Mtoto huyo ndiye anayeandika hapa. Baba aliichapa huko chuoni kwake, akarudi nayo nyumbani kwenye sanduku la nguo.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Kuanzia mwaka 2002 hivi, baba na mama na wajomba zangu walihamia kwenye barua pepe za bure, zile za kufungua kwenye mikahawa ya intaneti. Baba alikuwa ananichukua Jumamosi tunakwenda Mwenge, analipia nusu saa, anaandika kwa vidole viwili huku anahesabu dakika. Aliandika sana. Alifariki mwaka 2009. Miaka mitano baadaye nilipata ile nywila kwenye kijidaftari chake nikajaribu kufungua. Nikajibiwa kwamba akaunti hiyo haipo. Haikufunguliwa muda mrefu, ikafutwa, na masharti ya kufutwa yalikuwa yameandikwa tangu siku ya kwanza mahali ambapo hakuna binadamu anayesoma. Miaka saba ya barua za baba yangu imekwenda na maji, ilhali ile mistari miwili ya 1995 ipo, nimeishika mkononi.

Kwa hiyo nilianza na swali la kiandishi: ile barua ya 1995 ilisafirije? Maana mwaka ule, kwa ninavyojua, nchi hii ilikuwa karibu haina intaneti.

Majibu yalikuwa juu ya karatasi yenyewe. Kichwa cha barua pepe, ile sehemu ambayo siku hizi programu zinatuficha, ni kama bahasha yenye mihuri. Kila mashine inayopokea barua na kuisukuma mbele hubandika juu mstari wa mapokezi: nani kanipa, mimi ni nani, siku gani, saa ngapi. Mihuri hiyo inasomwa kutoka chini kwenda juu. Barua ya mama iliandikwa Jumanne jioni, ikapita kwenye mashine moja London, ikaingia kwenye sanduku la baba Alhamisi asubuhi. Karibu siku mbili! Na anwani ya mtumaji haikuwa jina la kampuni, ilikuwa mlolongo wa herufi na tarakimu kama namba ya mtihani, mwishoni imeandikwa z5 kisha fidonet. Hapo ndipo nilipopata uzi wa kuvuta.

Kwanza turudi nyuma kidogo, maana bila hivyo hamtaona ajabu yenyewe. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka huohuo, kule chuo cha MIT Marekani, watumiaji wa kompyuta moja kubwa ya pamoja walianza kuachiana ujumbe humohumo ndani ya mashine. Wengi wanaihesabu kuwa ndiyo mama wa barua pepe. Kumbe tulianza mwaka mmoja. Ila wenzetu walikwenda mbele na sisi mwaka 1974 tukapiga marufuku. Mradi wa kuweka hesabu za Serikali kwenye kompyuta ulikuwa umevurugika vibaya, fedha za kigeni zilikuwa adimu, basi ikaamriwa kwamba kompyuta na vifaa vyake visiingizwe nchini bila kibali maalumu. Televisheni nazo zilikumbwa humohumo. (Wazanzibari wao walikuwa wanaangalia yao tangu miaka hiyo ya 1970, Bara tulisubiri hadi katikati ya miaka ya 1990.) Kamba ililegezwa taratibu katika miaka ya 1980. Maana yake ni kwamba daktari aliyempigia mama barua ile alikuwa na kifaa ambacho miaka michache tu nyuma kingehitaji kamati kikutane na mezani kwake.

Na simu? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hatukuwa na hata laini moja ya simu kwa kila watu 100. Hapa kuna jambo moja linanifurahisha sana. Hadi mwisho wa mwaka 1993 posta na simu vilikuwa shirika moja, lile la TPTC. Tarehe 1 Januari 1994 wakagawana nyumba: simu wakaenda TTCL, barua na vifurushi wakaenda Shirika la Posta. Yaani kipindi kilekile ambacho watu wachache Dar es Salaam walikuwa wanajifunza kupitisha barua ndani ya waya wa simu, Serikali ilikuwa inatenganisha barua na simu. Simlaumu mtu, sheria ilikuwa na sababu zake. Nacheka tu.

Sasa Fido. Mwaka 1984 kijana mmoja wa San Francisco, Tom Jennings, aliandika programu ya kufanya kompyuta mbili ndogo za nyumbani zipigiane simu usiku, wakati gharama iko chini, zibadilishane ujumbe, kisha zikate. Hakuna zaidi. Unaandika barua yako mchana, mashine inaitunza. Ikifika saa ya usiku iliyopangwa modemu inapiga simu, inalia ule mlio wake, inamwaga barua zote zilizobanwa pamoja, inapokea za upande wa pili, inakata. Kila kituo kilikuwa na namba: kanda, mtandao, kituo. Kanda ya 1 Marekani ya Kaskazini, kanda ya 2 Ulaya, na Afrika ilikuwa kanda ya 5. Ndiyo ile z5 ya mama! Katikati ya miaka ya 1990 dunia ilikuwa na vituo vya Fido zaidi ya 30,000, vingi vyake vikiwa kwenye vyumba vya kulala vya watu.

Wazungu wale walikuwa wanajifurahisha, lakini programu ile ilikaa Afrika kama glovu. Haikuhitaji laini maalumu, wala muunganiko wa saa 24. Ilihitaji kompyuta dhaifu, modemu, na simu inayoshika japo dakika chache. Simu ikikatika katikati, inaanza pale ilipoishia. Kwa nchi ambayo simu za nje ni ghali na laini zinakwaruza, hicho kilikuwa chombo chenyewe.

Nairobi kulikuwa na kituo kwenye ofisi za ELCI, jumuiya ya mashirika ya mazingira, kikiwahudumia watu wa mashirika yasiyo ya kiserikali chini ya mradi wa NGONET. Kampala, pale Makerere, Charles Musisi na wenzake waliendesha mfumo uliojulikana kama MUKLA. Vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe vilijaribu kuunganishwa kwa mradi wa ESANET uliofadhiliwa na Wakanada wa IDRC. London kulikuwa na GreenNet, ambako mwanamama Karen Banks aliendesha lango lililounganisha vituo vya Fido vya Afrika, Asia na kwingineko na intaneti kamili, tangu 1990 na kuendelea kwa miaka kadhaa. Barua inaingia kwake ikiwa imevaa nguo za Fido, inavuliwa, inavalishwa nguo za intaneti, inaendelea na safari. Mwaka 2013 jina lake liliingizwa kwenye orodha ya heshima ya watu waliojenga intaneti. Sijui wangapi kati yetu tuliofaidi kazi yake tumewahi kulisikia.

Ila kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha madaktari. Bernard Lown, daktari wa moyo wa Marekani, alikuwa mmoja wa waasisi wa lile shirika la madaktari wanaopinga vita vya nyuklia lililopewa Nobel ya Amani mwaka 1985. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980 akaanzisha SatelLife, kwa wazo ambalo lilionekana kama ndoto: teknolojia ya angani itumike kuwafikishia taarifa madaktari wa nchi maskini. Mtandao wake uliitwa HealthNet na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kujiunga, kituo kikiwa Muhimbili.

Walitumia setilaiti ndogo zilizotengenezwa na watu wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza. Ya kwao wenyewe, HealthSat-2, ilirushwa Septemba 1993. Msije mkafikiria setilaiti za televisheni zinazoning'inia sehemu moja. Hii ilizunguka chini, kilomita kama 800 juu, ikipita ncha hadi ncha wakati dunia inajigeuza chini yake, hivyo kila kituo kiliiona mara chache tu kwa siku na kila mara kwa dakika kumi na kitu. Inapochomoza, kituo cha ardhini kinaipandishia barua zake na kushusha zilizoletwa. Kisha inazama upande wa pili wa anga ikiwa imebeba mfuko. Ikipita juu ya kituo kingine inakishushia cha kwake. Tarishi wa kweli kabisa, ila baiskeli yake iko angani! Baadaye HealthNet nao waliegemea zaidi simu na Fido, maana ilikuwa rahisi kutunza, lakini kwa miaka kadhaa barua za madaktari zilikuwa zinapita juu ya Upanga kwa ratiba kama treni.

Mama hakumbuki jina la mtandao uliobeba barua yake. Alikuwa muuguzi, na daktari mmoja wa wodini kwao alikuwa na kompyuta ofisini. Anachokumbuka ni kwamba aliandika kwa mkono kwenye kipande cha karatasi siku ya pili baada ya kujifungua, daktari akampigia, na akaambiwa afupishe. "Nikauliza, kwani ni simu ya maandishi? Akasema ni kama hivyo, ila hii haisomwi na watu wa posta." Na anakumbuka mlio wa modemu. Anasema ulikuwa kama kuku anayekimbizwa ndani ya debe.

Halafu mambo yakaenda kasi. Mwaka 1995 jina la nchi yetu kwenye intaneti, ile .tz, lilisajiliwa. Katikati ya miaka hiyo ya 1990 kampuni kama CyberTwiga zilianza kuuza intaneti Dar es Salaam. Hotmail ilizaliwa Julai 1996, Yahoo wakafuata na ya kwao mwaka 1997, na mikahawa ya intaneti ikaota mjini kama uyoga. Nani tena alihitaji mashine ya ofisini ya kupiga simu usiku? Ukiwa na shilingi mia tano unaingia, unafungua, unajibu papo hapo. Nilipokuwa mdogo niliona kama baba anafungua mlango wa dunia.

Lakini angalieni kilichohama. Barua ya mama ya 1995 ilikuwa kwenye diski ya daktari, Dar es Salaam, kisha kwenye mashine ya chuo cha baba. Nakala ilikaa pale watu walipokaa. Barua za 2003 zilikaa Marekani, kwenye mashine ambayo baba hakuwa na ufunguo wake, alikuwa mpangaji asiye na mkataba. Tulipoacha kugonga mlango, mwenye nyumba akatupa vyombo.

Tena njia yenyewe ilikuwa ya ajabu. Kampuni za intaneti za Dar kila moja ilikuwa na dishi lake la setilaiti linalotazama nje, na zenyewe kwa zenyewe hazikuunganishwa. Mtu wa Mikocheni akimwandikia mtu wa Kariakoo aliye kwenye kampuni nyingine, barua inapanda angani, inashuka ng'ambo, inapanda tena, inashuka Kariakoo, na pande zote mbili zinalipa kwa fedha za kigeni. Dawa ilikuwa kituo cha kubadilishana, yaani chumba kimoja ambamo kampuni zote zinachomeka waya. Kenya walijaribu mwaka 2000, mdhibiti akakifunga baada ya Telkom kulalamika, wakaruhusiwa tena mwaka 2002. Sisi tulipata cha kwetu, TIX, mwaka 2004. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukazinduliwa Dar es Salaam, miaka 130 baada ya waya wa kwanza wa telegrafu kufika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879.

Haya, turudi sebuleni.

Programu nilizotumia ni mbili. Ya kwanza ni Postfix, aliyoiandika Wietse Venema na kuitoa mwaka 1998. Huyu ndiye tarishi: anapokea, anapanga, anasukuma. Ya pili ni Dovecot, ya Timo Sirainen wa Ufini, ya mwaka 2002, ambayo ni yule karani wa dirishani anayekufungulia sanduku ukionyesha ufunguo. Zote za bure. Kwa anwani nimetumia home.arpa, jina lililotengwa rasmi mwaka 2018 kwa ajili ya mitandao ya majumbani, ili lisigongane na jina la mtu yeyote duniani. Kwa hiyo kama mna shauku ya kumwandikia mama@wazo.home.arpa msijisumbue, haitafika. Nje ya geti letu anwani hiyo haipo.

Ilinichukua siku nne, mbili kati yake kwa ujinga wangu. Mdogo wangu, anayesoma mambo haya chuoni, ndiye aliyenionyesha mstari mmoja muhimu: ule unaosema nani anaruhusiwa kumtuma tarishi. Nimeandika kompyuta na simu za nyumbani tu. Zamani seva nyingi zilibeba barua ya yeyote aliyebisha hodi, kwa ukarimu, kama unavyompa lifti mtu kituoni Tegeta. Wauza barua taka wakaugeuza ukarimu ule biashara, na siku hizi seva iliyo wazi inageuka punda wao ndani ya saa chache.

Nilijaribu pia kuituma barua ya kweli nje, hadi kwenye sanduku langu la kazini. Haikufika. Njia ambayo seva zinatumia kupelekeana barua, mlango namba 25, kwa intaneti ya nyumbani imezibwa. Hata ingekuwa wazi, anwani yetu ya IP tunachangia na nyumba nyingi tusizozijua, inabadilika inapojisikia, na haina kikoa kinachoidhamini. Kwa wakubwa wa barua pepe duniani, seva ya Wazo ni kama barua kutoka nyumba isiyo na namba kwenye mtaa usio na jina. Inatupwa bila kufunguliwa. Ukweli ni kwamba daktari wa mama, na modemu yake ya mwaka 1995, alikuwa na uwezo ambao mimi sina: kupeleka barua hadi Uingereza kutoka kwenye mashine iliyo mezani kwake. Alihitaji tu mtu mmoja London akubali simu. Mimi nahitaji kibali cha makampuni ambayo hayajui kama nipo.

Hilo liliniuma kidogo, nikaliacha. Lililonifunza historia zaidi ni foleni.

Ndiyo, foleni. Barua isiyoweza kwenda inawekwa kwenye foleni, na tarishi anajaribu tena baada ya dakika kadhaa, kisha tena, kila mara akiongeza muda wa kusubiri. Sisi wa barabara ya Bagamoyo tunajua foleni ni nini, ila hii ni ya heshima: hakuna bodaboda anayechomekea. Nilikuwa nimeweka seva ya pili kwenye kompyuta ya mezani chumbani kwa mdogo wangu, ili nione barua ikipita kutoka mashine hadi mashine kama zamani. (Hata ile barua pepe ya kwanza ya Ray Tomlinson mwaka 1971 ilitoka kompyuta moja kwenda nyingine iliyokuwa chumba hichohicho, kwa hiyo msinicheke.) Ijumaa moja jioni umeme ukakatika mtaa mzima. Uliporudi ulirudi kwa kishindo, na pawasaplai ya ile kompyuta ya mezani ikaungua. Ukaja ule moshi wenye harufu ya senti kuungua, mnaujua.

Barua yangu kwa mdogo wangu ilikuwa njiani. Niliangalia foleni: ipo, imejaribiwa, haikupokelewa, itajaribiwa tena. Jumamosi asubuhi ipo. Jumamosi jioni laptopu nayo ikaishiwa chaji, ikazimika, nikaiwasha upya. Barua ipo, kwa sababu foleni inaandikwa kwenye diski, siyo kwenye kumbukumbu ya muda inayofutika. Jumapili mdogo wangu akarudi kutoka Kariakoo na pawasaplai ya mtumba, akaifunga, akawasha. Baada ya kama dakika ishirini, bila mtu kugusa chochote, barua ya Ijumaa ikafika.

Postfix usipoibadilisha inasubiri siku 5 kabla ya kukata tamaa na kumrudishia mtumaji barua yake. Walioandika kanuni za barua pepe waliishi na mashine zinazozimika, laini zinazokatika, wikiendi ambazo hakuna mtu ofisini. Mimi nilikuwa nasimulia siku mbili za barua ya mama kama kichekesho cha zamani, nikimaanisha wangoje kiasi gani hawa watu. Nilipokaa mbele ya foleni yangu Jumamosi ile nikaona kwamba siku mbili zile ndizo zilizoifikisha. Kama mfumo ule ungedai umeme, simu na setilaiti viwe vizima kwa pamoja ndani ya sekunde ileile, baba asingejua nimezaliwa mpaka barua ya stempu imfikie.

Si kwamba mashine yangu ni salama kuliko za Wamarekani. Laptopu inaweza kuibwa, na vumbi la saruji la hapa Wazo, kiwanda kikiwa kinasaga tangu 1966, limeshaziba feni mara mbili. Nakala ya kila kitu naiweka kwenye diski ya nje kwa shangazi Temeke, nampelekea kila mwisho wa mwezi kwa daladala. Shangazi anaiweka kabatini na kanga zake.

Sanduku la nne ni la baba. Nimeandika wajomba wote na rafiki zake niliowapata, nikiwaomba kama wana barua yoyote aliyowatumia wanirudishie. Mpaka sasa nina kumi na tisa. Moja ni ya kuulizia bei ya bati.

Siku nilipomaliza kufunga kila kitu niliichapa upya ile mistari miwili ya 1995 nikaituma kwa mama. Alikuwa anachambua mchele. Simu ikalia, akavaa miwani, akasoma, akasema, "Hee, hii nayo imepita London?" Nikamwambia hapana mama, imetoka hapo kabatini. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema ile ya kwanza alisubiri jibu siku nne, na jibu lenyewe hakuwahi kuliona. Printa ya daktari haikuwa na wino, kwa hiyo alisomewa tu, amesimama mlangoni na mimi mgongoni.

Sikuwa nalijua hilo. Nikamuuliza kama analikumbuka. Akanitazama kama nimemuuliza anaitwa nani. Nikamwomba aliandike, na aliandika, taratibu, kwa kidole kimoja, akaiweka simu chini na kurudi kwenye mchele wake. Hakunitumia mimi. Nililikuta kwenye sanduku la nne:

"Nimepokea. Nimewanunulia chai ofisi nzima. Usimpe jina mpaka nirudi."

Jina alikuwa ameshanipa.